Pumu itokanayo na kazi: Wasafirishaji na wafanyabiashara waitambue mapema

Dereva anayetoa mahindi Kibaigwa kuyapeleka Nairobi, mpakiaji wa kahawa mjini Bukoba, na mfanyabiashara anayevusha mbao za mvule kutoka Kongo kupitia Uganda, wote wana jambo moja linalowaunganisha. Kila siku ya kazi wanavuta hewa yenye vumbi la bidhaa inayowapa riziki.

Kwa walio wengi vumbi hilo huishia kwenye chafya na kikohozi cha siku moja. Kwa baadhi yao, baada ya miezi au miaka, hugeuka kuwa pumu. Ugonjwa huu ukigunduliwa mapema, mtu ana nafasi nzuri ya kupata nafuu na kuendelea na biashara. Ukiachwa, unaweza kubaki hata baada ya kuacha kazi yenyewe.

Makala haya yanaeleza namna ya kuitambua pumu inayotokana na kazi, namna ya kuishi nayo, na hatua ambazo mwenye gari, mwenye ghala na mwenye mzigo wanaweza kuchukua.

Pumu ya kazini ni nini?

Pumu ni hali ya njia za hewa kuvimba kwa ndani na kubana. Mgonjwa hukohoa, kifua hutoa mlio kama filimbi, na pumzi huwa fupi. Hali hiyo huja na kuondoka. Leo mtu ni mzima kabisa, kesho hawezi kupanda ngazi.

Pumu ya kazini hugawanyika katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni pumu ya mzio. Mwili unazoea kukutana na kitu fulani, kwa mfano vumbi la ngano, halafu siku moja unaanza kukichukulia kama adui. Hapo kiasi kidogo tu cha vumbi kinatosha kuleta shambulio. Ndiyo maana mtu anaweza kufanya kazi ghalani miaka mitatu bila shida yoyote, kisha akaanza kuugua mwaka wa nne, ingawa vumbi ni lile lile.

Kundi la pili ni pumu inayoanza baada ya kuvuta kwa mara moja hewa yenye sumu kali, kama klorini au amonia iliyovuja. Dalili huanza ndani ya saa 24.

Kundi la tatu ni la watu waliokuwa na pumu tangu zamani, lakini kazi inaichochea. Hapa wanaingia wengi wanaokaa kwenye foleni ndefu za malori mipakani huku injini za dizeli zikinguruma pande zote.

Tatizo hili si geni. Mwaka 1700 daktari Bernardino Ramazzini wa Italia alichapisha kitabu kuhusu magonjwa ya wafanyakazi, na ndani yake alieleza jinsi wapepetaji na wapimaji wa nafaka walivyokuwa wakihema kwa shida. Tathmini iliyotolewa mwaka 2019 na vyama vya wataalamu wa mapafu vya Marekani na Ulaya ilikadiria kuwa takriban 16% ya pumu inayoanza ukubwani inahusiana na kazi.

Mizigo ya kuangaliwa

Si kila shehena ina hatari sawa. Mabati, nondo na vinywaji vilivyofungwa havina historia ya kuleta pumu. Bidhaa zifuatazo zinajulikana kuwa zinaweza kuisababisha au kuichochea:

- Unga na nafaka. Vumbi la ngano, mahindi na mpunga huchanganyika na kuvu, vinyesi vya wadudu na utitiri wa ghalani. Unga wa ngano ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya pumu ya kazini duniani, hasa kwa waoka mikate na wafanyakazi wa vinu.

- Kahawa mbichi. Vumbi lake ni baya kuliko la kahawa iliyokaangwa. Robusta ya Kagera na Uganda hukaushwa na maganda yake, hivyo hutoa vumbi jingi wakati wa kukoboa na kupakia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili na Chuo Kikuu cha Bergen cha Norway waliwachunguza wafanyakazi wa viwanda vya kahawa nchini Tanzania na kukuta kuwa wana matatizo ya kupumua zaidi kuliko wafanyakazi wa kazi nyingine.

- Mbarika. Mbegu hii, ambayo wengine huiita nyonyo, ina mzio mkali sana. Gunia lililobeba mbarika likitumika tena kubeba kahawa, vumbi lake hubaki kwenye nyuzi na kumdhuru mpakiaji ambaye hajawahi kuiona mbarika yenyewe.

- Soya na mashudu. Hizi ni bidhaa zinazovuka mipaka kwa wingi kwenda viwanda vya chakula cha mifugo.

- Dagaa na unga wa samaki. Vumbi la samaki mkavu lina protini zinazoweza kuleta mzio.

- Mbao. Vumbi la mvule limetajwa katika vitabu vya udaktari kama kisababishi cha pumu tangu miaka ya 1970. Hatari kubwa iko pale mbao zinapopasuliwa na kupigwa msasa.

- Saruji, chokaa, pilipili na mbolea. Hizi huwasha njia za hewa na kumletea shambulio mtu ambaye tayari ana pumu.

- Rangi ya magari. Rangi ya kupuliza inayochanganywa na dawa ya kuifanya ikauke ngumu mara nyingi huwa na kemikali za jamii ya isosayaneti, ambazo ni hatari kubwa kwa mapafu. Dereva anayelala gereji wakati gari lake linapigwa rangi ajue hilo.

Mzigo ulioloa ni hatari zaidi. Machi 2021 Kenya ilipozuia kwa siku chache mahindi kutoka Uganda na Tanzania, sababu iliyotolewa ilikuwa sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu. Unyevu unaokuza kuvu hao ndio unaokuza pia kuvu wengine ambao mbegu zao hurushwa hewani mara gunia linapotikiswa. Kukausha nafaka vizuri kabla ya kupakia kunalinda bei ya mzigo, na kunalinda pia mapafu ya anayeubeba.

Fundisho la Barcelona

Kati ya mwaka 1981 na 1987, mji wa Barcelona nchini Hispania ulikumbwa mara 26 na mlipuko wa ajabu wa pumu. Katika siku fulani, watu wengi walikimbizwa hospitali kwa wakati mmoja wakiwa hawawezi kupumua. Siku nyingine hali ilikuwa ya kawaida kabisa.

Madaktari walipolinganisha siku hizo na kumbukumbu za bandari, jibu lilipatikana. Zilikuwa siku ambazo meli zilikuwa zikishusha soya. Ghala moja la kuhifadhia soya halikuwa na vichujio vya kuzuia vumbi lisitoke, na upepo ulilipeleka vumbi hilo mjini. Vichujio vilipofungwa, milipuko ikakoma.

Waliofumbua fumbo hilo walifanya jambo jepesi. Waliweka tarehe za ugonjwa kando ya tarehe za mizigo. Dereva au mpakiaji yeyote anaweza kufanya hivyo hivyo kwa ajili yake mwenyewe.

Dalili na ratiba yake

Dalili za pumu ni kikohozi, hasa usiku na alfajiri, kifua kubana, mlio wa filimbi wakati wa kutoa pumzi, na kuishiwa pumzi. Kwenye pumu ya mzio, mara nyingi hutanguliwa na mafua yasiyoisha, chafya, na macho kuwasha na kutoa machozi. Mpakiaji ambaye kila akifungua ghala la unga hupiga chafya kumi mfululizo ameshapewa onyo.

Kinachotofautisha pumu ya kazini na pumu nyingine ni ratiba. Dalili huzidi siku za kazi na hupungua siku za mapumziko, au wakati wa likizo ya wiki moja na zaidi. Akirudi kazini, zinarudi naye.

Hata hivyo, ratiba hiyo inaweza kudanganya. Baadhi ya watu hubanwa dakika chache baada ya kukutana na vumbi. Wengine hubanwa saa 4 hadi 8 baadaye. Dereva aliyepakia mashudu Singida saa nane mchana anaweza kubanwa saa tatu usiku akiwa gesti, akadhani ni baridi ya usiku au vumbi la godoro. Aidha, ugonjwa ukikomaa, siku moja ya mapumziko haitoshi tena kuleta nafuu, na mgonjwa huona kama anaumwa wakati wote.

Tumia hati zako za safari

Wasafirishaji wana faida ambayo mwoka mikate hana. Mwoka mikate hukutana na unga ule ule kila siku. Dereva hubadilisha mzigo, na kila mzigo una hati yenye tarehe, aina ya bidhaa na mahali ulipopakiwa. Mara nyingi huenda na nafaka na kurudi na mabati, sabuni au vinywaji. Safari ya kwenda na ya kurudi zinaweza kulinganishwa.

Chukua daftari dogo. Kwa wiki 4, andika kila siku mambo matano: tarehe, mzigo, kazi uliyofanya (kupakia, kufagia trela, kuendesha tu), hali ya kifua asubuhi na usiku, na mara ngapi umetumia dawa. Mfano:

Jumatatu: mahindi, nilisimamia kupakia na kufunga turubai. Usiku kikohozi, niliamka mara mbili.
Jumanne: mahindi, kuendesha tu. Kifua kizito asubuhi.
Alhamisi: nilishusha mzigo, utingo alifagia trela nami nikiwa karibu. Jioni filimbi kifuani.
Jumamosi: nimerudi na mabati. Sina shida.

Baada ya safari nne au tano, mzigo unaokusumbua utaanza kujitokeza. Inawezekana pia ukagundua kuwa shida haiko kwenye mzigo bali kwenye kazi moja tu, kwa mfano kufagia trela. Hiyo ni habari njema, kwani kazi hiyo inaweza kubadilishwa bila dereva kupoteza ajira.

Daftari hilo ni la thamani kubwa kwa daktari pia. Mgonjwa anayesema tu "nina kifua" atapewa dawa ya kikohozi. Anayeonyesha kurasa nne za kumbukumbu atachunguzwa.

Si kila kikohozi ni pumu

Kuna mambo mawili ambayo msomaji asiyachanganye na pumu.

La kwanza ni kifua kikuu. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa, kutokwa jasho usiku, kupungua uzito au kukohoa damu ni sababu ya kupima makohozi mara moja. Kwa upande mwingine, mtu ambaye vipimo vya kifua kikuu havijaonyesha kitu lakini anaendelea kukohoa kila akibeba nafaka, aulizie pumu.

La pili ni sumu ya dawa ya kufukizia. Nafaka nyingi huwekewa vidonge vya kuua wadudu ambavyo, vikikutana na unyevu wa hewa, hutoa gesi ya fosfini. Gesi hiyo inaua. Mtu aliyelala juu ya mzigo uliofukizwa, au kwenye kabini ambayo gesi inaweza kupenya, akipata kifua kubana pamoja na kichefuchefu, kutapika, kuumwa kichwa au kizunguzungu, hiyo si pumu ya kusubiri ipite. Atolewe kwenye hewa safi na kupelekwa hospitali bila kuchelewa, na daktari aambiwe kuwa mzigo ulikuwa umefukizwa. Barakoa ya vumbi haizuii gesi hiyo. Utingo, au taniboi kama wanavyoitwa Kenya, wasiruhusiwe kulala juu ya shehena ya nafaka.

Vipimo vya hospitali

Pumu inathibitishwa kwa kupima nguvu ya pumzi. Hospitali nyingi kubwa zina mashine ya kupima uwezo wa mapafu. Kuna pia kipimo kidogo cha mkononi ambacho mtu hupuliza kwa nguvu na kusoma namba. Kipimo hiki kinabebeka garini.

Ili kupata ushahidi wa pumu ya kazini, daktari anaweza kukuagiza upulize walau mara 4 kwa siku kwa wiki 2 hadi 4, siku za kazi na za mapumziko. Kila mara puliza mara tatu na uandike namba iliyo kubwa. Mtu anayepata 500 siku za mapumziko na 400 siku za kubeba unga amepungukiwa kwa 20%, na tofauti hiyo haipaswi kupuuzwa.

Usiache kazi kabla ya kupima. Ukishakaa mbali na mzigo kwa muda mrefu, namba hurudi kuwa nzuri na ushahidi hupotea. Isipokuwa kama hali ni mbaya. Hapo usalama wako unatangulia.

Kupunguza vumbi

Dawa ya kwanza ya pumu ya kazini ni kuondoka kwenye kisababishi. Kwa pumu ya mzio, kupunguza vumbi kunasaidia, lakini kuepukana nalo kabisa kunasaidia zaidi. Takriban theluthi moja ya wagonjwa wanaoondolewa kwenye kisababishi hupona kabisa, na wanaoondoka mapema ndio wenye nafasi kubwa zaidi.

Kwa mwenye kampuni, hilo halina maana ya kumfukuza dereva. Dereva mzoefu anayesumbuliwa na kahawa anaweza kupangiwa makontena yaliyofungwa au mizigo ya chuma. Hatua nyingine ni hizi:

- Usifagie trela kavu kwa ufagio, wala usipulize vumbi kwa upepo wa kompresa. Tumia mashine ya kufyonza, au nyunyiza maji kidogo pale ambapo hayataharibu mzigo unaofuata.
- Dereva asiye na kazi ya kupakia akae upande unakotoka upepo, madirisha ya kabini yakiwa yamefungwa.
- Badilisha kichujio cha hewa ya kabini kwa wakati, na usafishe kabini kwa kitambaa chenye unyevu.
- Magunia yaliyochakaa au yasiyojulikana yalibeba nini yasitumike tena.
- Vua nguo za kupakilia kabla ya kupanda kitandani garini au kuingia nyumbani. Vumbi hilo huwafikia watoto pia.
- Tumia barakoa ya kuzuia vumbi laini, yenye alama ya N95 au FFP2, inayobana vizuri usoni. Leso, kanga au barakoa nyembamba ya hospitali haitoshi. Ndevu ndefu pia huacha mwanya.
- Kwenye foleni ya mpaka, zima injini inapowezekana.

Kwa anayevuta sigara, hakuna hatua katika orodha hii itakayomsaidia ipasavyo kama hajaacha.

Dawa na dharura njiani

Kuna dawa za aina mbili. Ya kwanza hufungua njia za hewa haraka, kama salbutamol ya kuvuta. Ya pili ni dawa ya kuvuta yenye steroidi, inayotuliza uvimbe wa ndani na hutumika kila siku kama daktari alivyoelekeza. Kosa la wengi ni kutegemea ile ya haraka peke yake kwa sababu nafuu yake inaonekana papo hapo. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu haushauri mtu mzima kutibiwa kwa salbutamol pekee, kwani uvimbe unaendelea chini kwa chini. Anayeihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki, pumu yake haijadhibitiwa.

Inhela hufanya kazi vizuri zaidi ikiwa na chombo cha kuvutia. Kama hakipo, chupa ya plastiki ya nusu lita, safi na kavu, iliyotobolewa kitako tundu linalobana mdomo wa inhela, inafaa. Watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kuwa chupa ya namna hiyo inawasaidia watoto wenye pumu kama chombo cha dukani.

Usiiache inhela juu ya dashibodi. Jua la mchana huiharibu. Ibebe kwenye boksi lake pamoja na cheti cha daktari ili kuepuka maswali mpakani, na hakikisha mwenzako wa safari anajua ilipo.

Ukibanwa ukiwa unaendesha, weka gari pembeni mara moja. Kaa wima. Vuta dawa pafu 4 hadi 10, moja moja, kupitia chupa au chombo. Unaweza kurudia kila baada ya dakika 20 katika saa ya kwanza, huku mkielekea hospitali kama nafuu haiji. Anayeshindwa kumaliza sentensi moja, ambaye midomo imebadilika rangi, au anayeanza kusinzia na kuchanganyikiwa, yuko katika hatari ya kufa. Mzigo usubiri.

Sheria zinasemaje

Shirika la Kazi Duniani liliiweka pumu inayosababishwa na vitu vya kazini kwenye orodha yake ya magonjwa ya kazi iliyorekebishwa mwaka 2010. Katika nchi zetu, Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kenya ina sheria mbili za mwaka 2007, moja ya usalama na afya kazini na nyingine ya mafao ya majeraha kazini. Uganda ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006.

Sheria hizi zinamtaka mwajiri ayafanye mazingira ya kazi kuwa salama. Mfanyakazi naye anahitaji ushahidi: cheti cha daktari kinachotaja kazi, taarifa ya maandishi kwa mwajiri, na kumbukumbu za mizigo aliyobeba. Dereva anayevuka mipaka aangalie ameajiriwa chini ya sheria ya nchi ipi, na adai nakala ya mkataba wake.

Wanaobaki bila kinga ni vibarua wa kupakia na kushusha, wanaolipwa kwa gunia na ambao majina yao hayaandikwi popote. Mwenye mzigo anayenunua barakoa kwa ajili ya vibarua kumi na kuwapa maji ya kunyunyiza trela anatumia fedha kidogo ikilinganishwa na thamani ya shehena yake. Vyama vya wasafirishaji na vya wafanyabiashara wa nafaka vinaweza kuliweka jambo hilo kwenye masharti ya kupakia, kama vile vinavyoweka uzito wa gunia.

Kwa msomaji ambaye amekuwa akiamka usiku na kikohozi baada ya safari fulani, kazi ya kuanza nayo wiki hii ni moja: toa hati za mizigo ya mwezi uliopita, uziweke mbele yako, na ujaribu kukumbuka ni usiku upi ulilala vizuri.